Saa ya Mirihi Mezani kwa Otmari

Meinradi Gama hakuwa na shamba. Hakuwa na cheti cha shule yoyote ya mchana. Hakuwa na jino moja la mbele, hakuwa na mke tangu yule wa kwanza arudi kwao Namtumbo na sufuria zake, wala hakuwa na mtoto wa kumwita baba. Kofia alikuwa nayo, ila haikuwa na ukingo. Hayo yote ni mapungufu ambayo mtu anaweza kuishi nayo, maana dunia haijawahi kumjazia mtu kapu mpaka juu. Kilichowafanya watoto wa Mafinga wageuke njiani kumtazama mzee huyu ni kimoja tu: shingoni mwake hapakuwa na kidani.

Enzi hizo mtu mwenye kompyuta yake nyumbani alikuwa amekwisha kusahaulika, kama mtu mwenye kisima chake cha kamba. Meza zilikuwa kila mahali. Stesheni zilikuwapo, zahanati zilikuwapo, kanisani nyuma ya benchi la wanakwaya zilikuwapo, hata penye vibanda vya mahindi ya kuchoma. Zote za kioo, zote nyeupe kama maziwa, na zote hazina kitu ndani yake. Ndiyo maana watu waliziita meza bubu. Uliweka kidani chako juu yake, kijiwe cheusi kisichozidi punje ya harage, na papo hapo meza ikawa yako. Majalada yako yalijipanga palepale ulipoyaacha jana, pengine kwenye meza nyingine iliyo mbali mwendo wa siku nzima kwa treni. Herufi zilikua kwa mwenye macho mabovu. Rangi zilikuwa zile uzipendazo. Sentensi uliyoikatisha ilikuwa ikikungoja, kama mbuzi aliyefungwa kambani. Ukikiinua kidani, meza ilisahau kila kitu ikawa nyeupe tena, tayari kwa mwingine.

Na aliyezisugua meza hizo zikawa laini ni Meinradi huyohuyo. Ujana wake wote na nusu ya uzee wake aliumalizia katika kiwanda cha meza nje kidogo ya mji, kati ya misonobari, akisugua kioo kwa unga wa mawe mpaka uso wake mwenyewe uonekane. Meza aliyoisugua ilisukumwa upande wa pili wa karakana, kwa mpimaji, Otmari Kihwele. Otmari aliweka kidani chake juu ya kila meza mpya na kuandika maneno yaleyale, ya kujitungia mwenyewe: "Mvua ya Mafinga haina haya, huingia bila hodi." Meza ikiitika vema, aliigonga mara moja kwa kiganja, ikaenda zake duniani.

Otmari alikuwa Mhehe, Meinradi Mngoni. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na baada ya kuchoka wakaachiana utani, ambao ni vita visivyokwisha.

"Mateka wangu," Otmari aliita kila asubuhi kutoka upande wake. "Umeamka?"

"Nimeamshwa na mbwa wa jirani," Meinradi alijibu. "Alikuwa analia. Nikamuuliza una nini, akasema amesikia Mhehe anapasha sufuria."

Wakati wa chai, Meinradi alikaa kwenye kiti cha Otmari na kumwiga mbele ya wafanyakazi wote: kikohozi chake kikavu, namna alivyojipangusa kiganja cha kushoto pajani kabla ya kuandika, vidole viwili vikitembea polepole kama wazee wanaopanda kilima, kituo kirefu kabla ya neno "haya", halafu nukta ya mwisho iliyopigwa kwa nguvu kama anaua nzi. Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Otmari alicheka kuliko wote.

Kwa nini basi mtu aliyezisugua meza hakuwa na kidani? Kidani hakimtambui mwenyewe kwa uso wala kwa alama ya kidole, kwa sababu vitu hivyo vilikuwa vimekwisha kuigwa na wezi tangu zamani. Kinamtambua kwa mwendo wa mkono wake: anakimbia wapi, anasita wapi, anakosea wapi na anajisahihisha vipi. Kwa hiyo siku ya kupewa kidani lazima ukae uandike, meza ikusome. Watoto hupewa wakitimiza miaka saba. Meinradi alizaliwa kambini kwa wajenzi wa bwawa, mahali ambapo hakuna aliyewahesabu watoto, na alipofika kwenye ofisi ya vidani alikuwa kijana mwenye ndevu asiyejua kusoma. Akaambiwa aandike. Akaitazama meza, meza ikamtazama. Akainuka akatoka.

Baadaye alijifunza kusoma katika darasa la jioni, akapita darasa baada ya darasa, akawa msomaji wa kweli. Lakini ofisini hakurudi. Alipotaka kuandika barua, alikwenda kwa Otmari akaandikiwa. "Mtu mzima," alisema, "hapangi foleni na watoto wanaong'oka meno."

"Wewe mwenyewe jino limeng'oka," Otmari alimwambia. "Nenda tu, hawatakutofautisha."

*

Otmari alifariki mwanzoni mwa majira ya baridi, kifua kilipombana. Akazikwa. Siku ya kuanua matanga, ua wa nyumba yake ulijaa watu na ukungu ulikuwa umeshuka hadi mabatini.

Mtani msibani ana kazi yake, na kazi hiyo si ya kulia. Meinradi aliingia chumbani, akalichukua koti la marehemu lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango, akalivaa, akatoka nje akitembea kwa magoti yaliyopinda, mwendo wa Otmari mtupu.

"Jamani, amefufuka!" akina mama walipiga kelele, na kicheko cha kwanza tangu mazishi kikapita uani.

"Mngoni wewe, hilo koti litakumeza!"

"Limezoea kumbeba mtu aliyeshiba mbwa," Meinradi akajibu kwa sauti ya Otmari, "litanishindwa mimi niliyeshinda na uji wenu usio na sukari?"

Tasiana, mjane, alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa chake kikiwa kimefungwa kitenge. Aliinua uso akacheka huku machozi yakimtiririka, na hapo Meinradi akajua kazi yake imeanza kufanyika. Akaelekea kwenye meza bubu iliyokuwa barazani, akaketi. Mfukoni mwa koti vidole vyake vikagusa kitu kidogo kigumu. Mkufu wa Otmari ulikuwa umekatika zamani, na tangu hapo kidani alikiweka mfukoni. Karani wa vidani angekuja kukichukua baada ya matanga ili kikazimwe, kama sheria ilivyotaka. Hakuna aliyekuwa na haraka nacho, kwa kuwa kidani cha marehemu ni kijiwe tu. Mkono unaokifungua uko kaburini.

Meinradi akakiweka juu ya meza. Ilikuwa sehemu ya mchezo. Akakohoa kikohozi kikavu. Akajipangusa kiganja cha kushoto pajani. Vidole viwili vikaanza kupanda kilima: Mvua ya Mafinga haina... akasita, akasita kama Otmari alivyokuwa akisita, watu wakacheka, ...haya, huingia bila hodi. Akaua nzi wake.

Meza ikafunguka.

Kwanza ilikuja rangi, kijani cha misonobari baada ya mvua, ikaenea kutoka chini ya kidani hadi pembe zote nne za kioo. Halafu majalada yakapanda kutoka vilindini moja baada ya jingine yakajipanga: picha, nyimbo za kwaya, michoro ya nyumba, barua. Sauti ndogo ikasikika, kicheko cha mtoto wa kike, kifupi, kama kengele ya baiskeli. Juu kabisa, kwa herufi kubwa za mtu mwenye macho ya kizee, yakatokea maneno, yakianza kwa salamu ya Kihehe: "Kamwene, Otmari. Tulikuwa tunakungoja."

Kicheko kilikatika ua mzima kama uzi. Mzee mmoja akavua kofia. Meinradi aliitazama mikono yake mwenyewe juu ya kioo, haikumpendeza kuiita yake. Maisha yote alikuwa amezisugua meza hizi, akazijua uzito na ubaridi wake, na hajawahi kuona moja ikimwamkia mtu kutoka upande wa ndani. Ilikuwa kama kubisha mlango wa nyumba tupu, ukafunguliwa, ukakuta taa zimewashwa, chakula kimepakuliwa na kiti kimevutwa.

Tasiana alikuwa amesimama. Alikuja mbio, akafungua kitenge chake kichwani akakitupa juu ya meza akaifunika yote, jinsi mtu anavyofunikwa.

"Tusile na kulia kwa wakati mmoja," aliwaambia watu. "Chakula kiko tayari. Karibuni nyuma."

*

Watu walipokwenda kula, Tasiana alibaki na Meinradi barazani. Kitenge kilikuwa bado juu ya meza, na kijani kilipenya kwenye nyuzi zake.

"Shemeji, nisamehe," Meinradi alisema. "Sikujua. Nilidhani naigiza."

"Keti," Tasiana alimwambia. "Mungu amekuleta na huo uchokozi wako. Unajua Walburga alivyoniandikia?"

Walburga alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa kwenye kituo cha Mwezini, amekwisha kutengwa pamoja na wenzake ili wasibebe maradhi, akisubiri kupanda chombo kiitwacho Kimondo. Kimondo kilikuwa kinakwenda Mirihi na hakikuwa na safari ya kurudi. Kesho yake jioni kilikuwa kinaondoka. Kwa sababu hiyo hakuweza kuja kumzika baba yake, na hilo ndilo hasa lililowagombanisha. Alipotoa habari ya safari, Otmari alisimama mbele ya watu akasema, "Mtoto anayekwenda mahali ambapo hawezi kunizika si mtoto." Walikuwa hawajasemezana tangu siku hiyo.

Tasiana alikuwa ameyashika maneno ya binti yake kwa moyo. "Ameniambia hivi: Mama, nijibu jambo moja. Baba aliniacha na radhi au bila radhi? Kama aliniacha bila, sipandi. Nafasi yangu wataipa mwingine, nitashuka nirudi nyumbani, nikae na kaburi lake mpaka nizeeke. Halafu akasema, usinijibu wewe mama. Wewe utanihurumia, na huruma siyo radhi."

"Kazi aliyoisomea tangu utoto," Meinradi alinong'ona.

"Tangu anapanda juu ya mapipa ya kiwandani kwenu kutazama nyota. Wewe ndiye uliyekuwa unamshikia ngazi." Tasiana akafunua kitenge. "Tazama kama alimwandikia."

Meinradi akakipanda kilima chake tena kwa vidole viwili, akafungua jalada la barua. Ilikuwapo moja, isiyomalizika: Mwanangu Walburga. Nimepata habari kwamba siku yako imekaribia. Nami

Basi. Baada ya "Nami" palikuwa na kistari kikipepesa, kikisubiri mkono.

Sasa ni lazima ijulikane kwamba kidani hakibebi majalada na mipangilio peke yake. Kinabeba mazoea. Mtu akiandika nacho kwa miaka mingi, kinajifunza anavyounganisha maneno, na akisita kinampendekezea neno linalofuata, kwa herufi hafifu, alikubali au alikatae. Meinradi akagusa kioo baada ya "Nami". Herufi hafifu zikatokea: nakupa. Akazikubali kwa kidole, na hapo maneno yakaanza kumiminika: nakupa radhi zangu zote, mwanangu, nenda kama mvua ya Mafinga, usimbishie mtu hodi...

Tasiana akashika mdomo. Alikuwa Otmari. Mzaha wake, mizunguko yake, hata kosa lake la kusahau nukta.

"Ni yeye," Tasiana alisema. "Mtani, ni yeye! Tia muhuri upeleke."

Muhuri ulikuwa hukohuko, kwenye kidani. Ulikuwa unabonyezwa juu ya jina, na barua iliyobonyezwa hakuna mahakama wala mtoto ambaye angeikana, kwa kuwa muhuri wa mtu haujawahi kughushiwa. Kidole cha Meinradi kilikuwa tayari hewani. Lakini alikuwa fundi, na fundi haachi meza bila kuijaribu mara ya pili. Akayafuta yale maneno. Akaandika "Nami si", akagusa kioo, akangoja.

Herufi hafifu zikaja kwa wepesi uleule: Nami siwezi kukupa, mwanangu, usiniombe, mtu hapandi nyota akaliacha kaburi la babaye liote magugu...

Huyo naye alikuwa Otmari. Mizunguko ileile, nukta imesahaulika vilevile.

Kutoka nyuma ya nyumba vilisikika vijiko na sufuria.

"Kinajua alivyokuwa akisema," Meinradi alisema hatimaye. "Hakijui alitaka kusema nini. Ukikisukuma kulia kinakwenda kulia, ukikisukuma kushoto kinakwenda kushoto, na pande zote mbili ni sauti yake."

"Basi kisukume kulia!"

"Shemeji."

"Meinradi, mimi sikuombi uniibie mtu mali. Nakuomba mwanangu asishuke ngazi aliyoipanda maisha yake yote kwa ajili ya marehemu aliyekosa pumzi ya kumaliza sentensi. Wewe ni mtani. Sasa hivi umesema kwa mdomo wake mbele ya watu wote, nani amekukataza?"

"Nilisema nikiwa nimevaa koti, na kila mtu alijua ndani ya koti ni mimi. Ndiyo maana walicheka. Nikitia muhuri huu, Walburga hataliona koti. Ataona baba yake." Aliondoa mkono kwenye kioo. "Na radhi ya kuigiza, ikivaliwa mpaka Mirihi, siku ikichanika nani atamshonea?"

Tasiana alikuwa analia bila sauti, mikono imekunjwa mapajani.

Meinradi, kwa kukosa la kufanya, aliitazama meza. Jicho la mtu aliyesugua vioo halisomi tu kilichoandikwa. Linasoma na ukingo. Na kwenye ukingo wa juu, upande wa kulia, aliona kitu alichokuwa hajakiona: saa tatu ndogo, zimepangwa kama vifungo vya shati. Ya kwanza ilikuwa saa ya Mafinga. Ya pili ilisomeka Mwezini. Ya tatu ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko wenzake, na chini yake palikuwa na neno moja: Mirihi.

"Shemeji, njoo."

Akafungua mipangilio. Hakuna mtu anayefungua mipangilio ya mwenzake. Ni kama kuchungulia chini ya godoro lake. Lakini aliifungua, na wakasoma pamoja, vichwa vyao karibu kugusana. Kicheko cha mtoto kilichosikika mwanzoni: kilikuwa cha Walburga alipokuwa na miaka minne, kimewekwa kilie kila meza inapofunguka. Mwanga wa meza: umewekwa upungue saa ambazo Mwezini watu wanalala. Jina "Walburga": lisisahihishwe kamwe, hata likiandikwa vibaya. Barua zake zikija: zipite mbele ya nyingine zote, hata kama mwenye meza amesema asisumbuliwe.

"Miaka yote hii hakumtaja," Tasiana alinong'ona. "Hata jina. Nilidhani amemfuta."

Kila mpangilio ulikuwa na tarehe yake pembeni, siku ulipowekwa. Meinradi alitafuta ile saa ya tatu. Ilikuwa imewekwa wiki ambayo Otmari alilala kitandani asinyanyuke tena.

Meinradi alihisi nywele zikimsimama chini ya kofia isiyo na ukingo. Majalada mtu huyaandika akijua kuna siku yatasomwa, kwa hiyo humo mtu huvaa suruali yake nzuri. Lakini nani anapanga saa kwa ajili ya kusifiwa? Huyu mtu mgumu, aliyefunga mdomo mbele ya dunia nzima, alikuwa akifungua meza yake kila asubuhi kwa kicheko cha binti yake, na alipoona anakufa alijiwekea saa ya nchi ambayo hakuna babu yake hata mmoja aliyewahi kuiota, ili ajue huko kumekucha au bado.

"Hii nayo siyo radhi," Meinradi alisema taratibu. "Hakuisema."

"Hapana," Tasiana alikubali. Alijipangusa macho kwa kitenge. "Lakini ni yake. Mwandikie hivyohivyo, shemeji. Wewe ndiye uliyeifungua, wewe ndiye shahidi. Mimi ataniambia namhurumia. Mtani hajawahi kumhurumia mtu."

"Niandike kwa muhuri gani? Mimi sina."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Tasiana alimtazama kwa jicho la utani kabisa. "Ofisi inafunguliwa asubuhi," alisema. "Nenda kapange foleni na wenzako wanaong'oka meno."

*

Foleni ilikuwa ya watoto watupu, na mama zao. Meinradi alisimama katikati yao amevaa koti la Otmari, mgongo umenyooka kama askari wa gwaride.

"Babu, umepoteza kidani chako?" aliuliza msichana aliyekuwa mbele yake.

"Sijapata bado, mwalimu."

"Hee! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakutengenezea meza."

Karani alikuwa dada mmoja mchangamfu aitwaye Gaudensia. Zamu ilipofika, Meinradi alitoa kwanza kidani cha Otmari na kukiweka mkononi mwake. Gaudensia alikigeuza kwenye mwanga.

"Bado kiko hai," alisema. "Familia imemaliza nacho?"

Kidani kilikuwa pale, kati ya vidole vya karani. Kikohozi kimoja, kiganja kimoja pajani, mstari mmoja wa mvua, na Walburga angelala usiku huo na radhi isiyo na doa. Meinradi alikumbuka maneno yalivyomiminika, kulia na kushoto, kwa wepesi uleule.

"Wamemaliza," alisema. "Kizime, mwanangu."

Gaudensia alikitumbukiza kwenye tundu la kuzimia. Hakikutoa sauti. Alipokitoa kilikuwa jiwe, akakifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya mjane. Halafu akamwongoza Meinradi hadi kwenye meza iliyokuwa dirishani, akaweka juu yake kidani kipya kisicho na mtu.

"Andika chochote, babu. Usikimbie, usijipambe. Inakusoma."

Meinradi akaweka mikono juu ya kioo. Alipapasa ukingo akatabasamu: ilikuwa miongoni mwa meza zake, aliujua mkono wake mwenyewe. Kioo kilikuwa cheupe, na juu yake likatokea swali: Unapenda herufi za ukubwa gani? Akachagua. Rangi gani? Akachagua wekundu wa udongo wa Namtumbo, kwa Wangoni wenzake. Tukuamkieje? Hapo alisita. Hakuna aliyewahi kumuuliza mambo haya. Umri wote huo alikuwa mgeni kwenye meza za watu, na leo kioo alichokisugua mwenyewe kilikuwa kinataka kujua mzee Gama anapenda nini. Akaandika: "Mateka wangu, umeamka?"

Uwekewe saa ya mahali pengine? Akaandika: Mirihi.

Kisha akaanza barua, kwa vidole vyake kumi, polepole, bila kumwiga mtu.

"Walburga mwanangu. Mimi ni Meinradi, mtani wa baba yako, yule aliyekushikia ngazi. Nakuandikia kwa mkono wangu na muhuri utakaouona chini ni wangu, ni wa kwanza maishani mwangu.

Jana nilivaa koti la baba yako msibani, nikamwiga, na meza yake ikanifungukia kwa makosa. Humo kuna barua yako aliyoianza. Inafika kwenye neno Nami na kuishia hapo. Radhi hakuandika, laana hakuandika. Ningeweza kuimalizia na usingejua. Sikuimalizia. Radhi ya baba yako siwezi kukupa kwa kuwa siyo yangu.

Ninachoweza kukupa ni nilichokiona. Meza yake ilifunguka kwa kicheko chako cha utoto, kila siku. Mwanga wake ulififia mlipolala huko Mwezini. Jina lako ilikatazwa kulisahihisha. Na wiki aliyolala kitandani aliongeza saa. Ni ya Mirihi. Mtu asiyetaka mwanawe aende mahali haweki saa ya mahali hapo. Lakini hayo ni mawazo yangu, wewe ndiye mwanawe, pima mwenyewe, na lolote utakaloamua ngazi nimeishika.

Mama yako ni mzima na jana alicheka.

Na ukienda, mateka wangu, kama huko kuna mbwa, waonee huruma."

Aliisoma tena yote. Nukta zilikuwapo. Msichana wa foleni, ambaye tayari alikuwa na kidani chake shingoni, alikuwa amekuja kusimama ubavuni.

"Umeandika ndefu, babu. Mimi nimeandika jina langu tu na paka."

"Paka ni mwanzo mzuri."

Gaudensia alikuja akatazama pembeni mwa kioo. "Imekwisha kukujua," alisema. "Sasa kidani ni chako."

Meinradi Gama akakisogeza kidani, chepesi kama harage, bila kukiinua, hadi juu ya jina lake, akakibonyeza. Chini ya kidole chake kioo kikapata joto, na alama ikakaa hapo, nyekundu kama udongo wa kwao. Barua ikajikunja yenyewe, ikafungika, ikapanda ukingo wa juu wa meza kupita saa ya Mafinga, kupita saa ya Mirihi, ikaondoka.